Maji ya Kona ya Tatu

Ukitaka kumjua Mabrouka, mwambie jambo la kweli kabisa halafu umtazame uso. Atakukazia macho kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Ana ploti ya vyumba pale Makina, Kibera, aliyoachiwa na marehemu baba yake, na kuishi na wapangaji kumemfundisha kwamba kila sababu ina sababu nyingine nyuma yake. Mpangaji akisema amekawia kwa ajili ya mvua, Mabrouka hutoka nje kushika ukuta aone kama umelowa. Na tusimwonee bure, mara nyingi ukuta huwa mkavu.

Basi siku hiyo alikuwa ameketi kwenye tuta la kiwanja kimoja huko Gatina, upande wa Kawangware, gurbaba, ile nguo ya wanawake wa Kinubi, imemkaa kiunoni, mwavuli mkononi, na roho inamchemka. Mbio za nduthi, yaani pikipiki, zilitangazwa zianze saa sita. Adhuhuri ikaja ikapita. Sasa alasiri inabisha hodi na hakuna injini iliyonguruma. Kilichosikika ni magurudumu ya mikokoteni miwili ya maji, kwii, kwii, ikizunguka na mitungi yake, na sauti ya mwanamume mmoja akisema, "Mwaga hapo. Hapo! Sio huko, hapo."

Mwanamume huyo ndiye Gachanja, mtengenezaji wa njia ya mbio, mtu wa Kawangware 46, mrefu, mkimya, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Njia yenyewe ni udongo mwekundu mtupu. Usipomwagiwa maji, vumbi hupanda mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe. Ukimwagiwa mengi, unakuwa utelezi wa kuvunja watu viuno. Gachanja alikuwa akiutafutia kadiri yake: anamwagilia, anasubiri udongo unywe, halafu anaburuta matairi makuukuu yaliyofungwa magunia mabichi ili ushikane. Anapiga magoti, anachota udongo, anaufinya kiganjani, anautupa, kisha anaita mkokoteni tena.

"Huyu msee anatafuta nini hapo chini, dhahabu?" Osewe akafoka. Osewe ni dereva wa nduthi wa steji ya Olympic, na ana mdomo unaoishinda ile vuvuzela aliyokuja nayo. "Tangu asubuhi anafinyafinya tu. Kwani anapika chapati?"

Watu wa Kibera wakacheka, lakini kicheko cha watu wenye njaa.

"Muacheni atengeneze," Wesonga akasema. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mpangaji wa Mabrouka, na ndiye aliyeifungua na kuifunga injini ya nduthi ya Kibera mpaka ikaimba. "Mwaka jana hawakumwaga maji, mkalia. Mwaka huu wanamwaga, mnalia. Mnataka nini nyinyi?"

"Tunataka kujua kwa nini mwaka jana hawakumwaga," Mabrouka akamjibu bila kumtazama. "Na kwa nini mwaka huu wanamwaga. Nijibu hilo, fundi."

Wesonga akajifanya anapangusa grisi mikononi. Mtu hamjibu mwenye ploti hivi hivi.

Hapo ndipo penye kidonda. Anayeiendeshea Kibera nduthi ni Murjan, ndugu yake Mabrouka, kitinda mimba, mtoto aliyemlea yeye tangu mama yao afariki. Mwaka jana, kwenye kiwanja hiki hiki, Murjan alikuwa wa pili nyuma ya Muchiri wa Kawangware, na akaanguka kona ya tatu ndani ya vumbi. Nduthi mbili zikampita zikimkosa padogo. Alitoka hai, na bega lake likapona. Jina lake ndilo halikupona. Kibera iligawanyika: wengine walisema ni vumbi, wengine wakasema mtu anayejua nduthi vile haanguki pale kama hakutaka. Ameuza mbio. Neno hilo lilimfuata stejini, likamfuata msikitini, likamfuata mpaka kwa wakwe zake. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na waliosema hivyo ni watu waliokula pilau ya harusi yake.

Mabrouka alimtetea kwa njia moja tu aliyoijua. Hakusema ndugu yangu ni mwaminifu, maana hilo halina nguvu barazani. Alisema wale ndio wezi. Mwaka mzima, dukani, bombani, matangani, aliwaeleza watu jinsi Gachanja alivyoiacha ile kona kavu makusudi ili anayefuata asione. Alieleza mpaka naye akawa anaiona kama picha. Watu wakaanza kukubali. Leo basi ilikuwa siku ya kulisafisha jina. Murjan akishinda, yamekwisha. Akishindwa tena kwa namna isiyoeleweka, atahama Kibera, na yeye Mabrouka alijua hivyo kama anavyojua idadi ya vidole vyake.

Kwa hiyo walikuja wamejiandaa. Hawakupita kwenye geti la wenyeji, la hasha. Timu ya watu wazima haipiti geti la mwenyeji, hujui kimezikwa nini pale chini. Waliinyanyua nduthi wanaume sita wakaipitisha juu ya ukuta wa nyuma, na Mabrouka, akisema astaghfirullah, hayo ni mambo ya ushirikina, aliinua gurbaba yake akapanda ukuta yeye wa kwanza. Soda za wenyeji hawakuzigusa. Hata kivuli cha hema lao walikikataa, wakakaa juani na miavuli yao.

Na jua lile liliwapika kweli.

"Kibera!" kijana mmoja wa Kawangware akaita kutoka ng'ambo. "Mbona mmenuna? Kwani mna haraka ya kushindwa?"

"Tengenezeni barabara mmalize, tuwazike!" Osewe akamrudishia.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani!"

"Mwambie mamako!"

Mabrouka hakuwa na habari na matusi yale. Alikuwa akiifuata mikokoteni kwa macho. Kona ya kwanza ilipata maji, ikaburutwa tairi, ikaachwa. Ya pili vivyo hivyo. Lakini kona ya tatu, wee! Mkokoteni uliingia, ukatoka, ukaingia tena. Maji yakamwagwa, yakanywewa, yakamwagwa mengine. Gachanja akainama pale, akainuka, halafu akageuka kuelekea walikosimama waendeshaji, akainua dole gumba.

Waendeshaji wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega: Muchiri na Murjan. Sasa wewe niambie, dole gumba la mtu wa Kawangware ni la nani kati ya hao wawili?

"Mmeona?" Mabrouka akanong'ona. "Amempa ishara."

"Nani?"

"Gachanja. Amemwonyesha Muchiri kwamba tayari." Akamshika Wesonga mkono. "Tairi za Muchiri zikoje?"

Wesonga akafikiri. "Ziko na meno marefu. Mpya. Zile za kushika matope."

"Na zetu?"

"Zetu ni za kavu, mama." Fundi akaanza kubadilika uso. Alikuwa mtu wa busara, lakini jua la saa tatu nzima hukausha busara pia. "Ala! Kumbe wanapika uwanja!"

Neno hilo likakimbia kwenye tuta lote. Wanapika uwanja. Wanangoja mpaka ulowe kwa tairi za Muchiri. Wanatuchelewesha tuchoke. Kuna aliyesema maji yenyewe yana dawa, kuna aliyesema ameona mtungi mmoja una rangi. Mzee mmoja akasema wenzetu wa Gatina hata mazishi yao huanza kwa wakati, mbona mbio ndio zichelewe? Kila mtu alikuwa na ushahidi wake, na ushahidi wa kila mmoja ulimtia mwenzake moto.

Mabrouka akamwendea ndugu yake kwanza. Murjan alikuwa ameshavaa helmeti, ameketi juu ya nduthi, mikono imeshika usukani kana kwamba mtu angemnyang'anya.

"Unaona wanavyotufanyia?"

"Waache wamwage, dada," Murjan akasema. Sauti yake ilitoka ndogo ndani ya helmeti. "Hatuna haraka."

"Hatuna haraka! Jina lako liko motoni unasema hatuna haraka!"

"Nasema tu. Wamalize ile kona."

Mabrouka akamhurumia. Mtoto huyu tangu utotoni hajui kugombana, ndiyo maana watu humkanyaga. Akampiga begani, lile bega zima, akasema, "Wewe kaa. Mimi nitakugombania."

Akashuka kwenye njia. Watu wa Kibera wakamwona, wakashuka nyuma yake. Mkokoteni ulikuwa ukija na mitungi iliyojaa, unaelekea kona ya tatu, na Mabrouka akasimama mbele yake na mwavuli wake kama askari wa trafiki.

"Haupiti."

Gachanja akaja mbio. "Mama, tafadhali. Imebaki mzunguko mmoja tu. Hiyo kona juu imelowa lakini ndani ni unga. Haijaiva."

"Haijaiva kwa nani?"

Gachanja akafungua mdomo. Akatazama walikosimama waendeshaji. Akaufunga.

"Nimekuuliza, haijaiva kwa nani? Si useme? Umeshikwa na kigugumizi?" Mabrouka akawageukia watu wake. "Mnaona? Mtu mwenye haki husema!"

"Mama, sio jambo la kusema mbele ya watu."

Lo! Afadhali angemtukana. Jambo lisilosemeka mbele ya watu! Osewe akapuliza vuvuzela, watu wakauzunguka mkokoteni, na Mabrouka mwenyewe, kwa mikono yake, akausukuma mtungi wa kwanza. Wa pili na wa tatu ikasukumwa na mikono ya wengine. Maji yote yakamwagika pale pale kwenye sehemu iliyonyooka, mahali ambapo hayakuhitajika, yakanywewa na udongo watu wakitazama. Kawangware nao wakaanza kushuka tuta lao. Msimamizi wa mbio, mtu mwenye kipaza sauti na shingo inayovuja jasho, akaona mawe yanakaribia kuokotwa. Akatangaza kwamba uwanja uko tayari, waendeshaji waje mstarini.

Kibera ikashangilia kama imeshashinda. Mabrouka alirudi kwenye tuta mabega juu. Gachanja alibaki amesimama kando ya mkokoteni mtupu, ameshika kofia yake mkononi.

Nduthi zikajipanga, ya Kibera, ya Kawangware na za mitaa mingine. Bendera ikashuka. Muchiri akatoka kama risasi na Murjan nyuma yake, na mara ile vumbi likainuka. Kwenye kona ya kwanza lilikuwa jepesi. Ya pili, hafifu. Kwenye kona ya tatu lilisimama kama ukuta wa nyumba, jekundu, na nduthi zote zikapotea ndani yake. Muchiri akatoka upande wa pili. Ikapita pumzi nzima, halafu nyingine, ndipo Murjan akatoka.

"Anapunguza," Wesonga akasema. "Mbona anapunguza pale?"

"Anamsoma tu," Osewe akajibu. "Anamlia taiming."

Kwenye sehemu zilizonyooka injini ya Wesonga ilifanya kazi yake: Murjan alimla Muchiri kipande kwa kipande mpaka ukadhani atamgusa. Kisha kona ya tatu ikaja, na akabaki nyuma tena. Mzunguko wa pili hivyo. Wa tatu hivyo.

Ndipo Mabrouka alipohisi mtu kando yake. Ni Gachanja, amepanda tuta la Kibera peke yake, mbele ya macho ya watu wote. Akainama karibu na sikio lake maana injini zilikuwa zinanguruma.

"Mama, nimefunga mdomo kwa sababu niliahidi. Lakini sasa naogopa. Yale maji hayakuwa ya Muchiri."

"Yalikuwa ya nani?"

"Ya kijana wako. Alikuja kwangu juzi, peke yake. Akaniambia tangu aanguke, vumbi likimfunika mwili unakufa ganzi. Haoni, hasikii, mikono inakataa. Akaniomba kona ya tatu isitoe vumbi hata kidogo. Akasema nyumbani hawezi kusema." Gachanja akaionyesha ile kona kwa kofia yake. "Nimeitengeneza tangu alfajiri. Lile dole gumba lilikuwa lake."

Mabrouka alimtazama akitafuta uongo usoni mwake. Aliutafuta kwa ujuzi wake wote, na hakuuona. Akakumbuka ile sauti ndogo ndani ya helmeti. Wamalize ile kona. Ya Rabi, mtoto alimwambia kwa mdomo wake, na yeye akaenda kumwaga maji.

Hakungoja. Alishuka tuta mbio, mwanamke mzima, viatu vikabaki nyuma, akikata katikati ya uwanja kuelekea kona ya tatu. Ulikuwa mzunguko wa mwisho. Murjan alikuwa amemfikia Muchiri kabisa, gurudumu kwa gurudumu, na Kibera nzima ilikuwa imesimama inapiga mayowe. Mabrouka akafika ukingoni, akaupunga mwavuli juu ya kichwa chake kwa nguvu zote. "Simama! Murjan, acha! Simama!" Vumbi likammeza yeye pia.

Alisikia injini moja ikipita kwa kasi. Nyingine ikapita. Ya tatu ikashuka, ikakohoa, ikazimika.

Vumbi lilipotulia kidogo alimwona. Nduthi ilikuwa nje ya njia, imesimama wima, mguu wake mmoja chini. Hakuna aliyemgonga. Alikuwa ametazama mbele, mikono imekaza usukani, na alikuwa akitetemeka mwili mzima kama mtu mwenye malaria. Mabrouka akamfungua vidole kimoja kimoja.

"Sikuona, dada," akasema. "Nilitaka kupita. Wallahi nilitaka."

"Uliniona nikipunga?"

"Sikuona kitu."

Alitaka kumwambia nisamehe. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini ng'ambo ya pili Kawangware walikuwa wameshambeba Muchiri, na kutoka tuta la Kibera umati ulikuwa unakuja, na sauti iliyotangulia umati ilikuwa neno lile lile la mwaka jana.

"Ameuza! Ameuza tena!"

Osewe alikuwa mbele, machozi ya hasira yanamtoka. Wesonga nyuma yake, mikono bado na grisi. "Murjan," fundi akasema, na alisema polepole, hilo ndilo lililotisha. "Injini ilikuwa sawa. Ulikuwa umemshika. Ulisimama. Niambie kwa nini ulisimama."

Murjan akavua helmeti. Midomo ilikuwa inamcheza. Mabrouka akaona kabisa anachokwenda kusema, na akaona Kibera itakavyokipokea: wajukuu wa wale askari wa Kinubi walioianzisha Kibera, na huyu anaogopa vumbi. Wangemtania mpaka kaburini. Ama wasimwamini kabisa, maana nani leo anaamini neno la mtu?

"Mimi ndiye nimemsimamisha," Mabrouka akasema.

Watu wakamgeukia yeye.

"Mlidhani mwavuli ule nilikuwa nacheza nao? Nimempungia asimame, akanitii. Mimi ndiye niliyemlea."

Osewe akamtazama. Macho yake yakaenda kwa Gachanja aliyekuwa akija mbio, yakarudi kwake. "Alikuja kwako," akasema. "Katikati ya mbio. Mkanong'onezana. Mimi nilikuwa hapo nyuma yenu."

"Alikuja."

"Alikwambia nini?"

"Yetu mimi na yeye."

"Na yale maji?" Wesonga akauliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu. "Kwa hiyo... ulimwaga maji mbele yetu ili tusikushuku."

Hilo Mabrouka hakuwa amelifikiria. Lakini lilikaa pale vizuri mno, kama kifuniko cha sufuria yake, hata akaona hana haja ya kuongeza kitu. Akatikisa kichwa kukubali.

"Jamani, huyu mama hana—" Gachanja akaanza.

"Wewe nyamaza!" Mabrouka akamkemea. "Mimi na wewe tumemalizana!"

Basi hapo ndipo mlango ulipofungwa. Hakuna aliyedai shahidi, hakuna aliyesema hebu tusikie upande wa pili. Mwaka mzima aliwafundisha kwamba mambo yote yana mkono uliofichika, na sasa amewaonyesha mkono. Waliamini wote, tena kwa raha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," yule mzee wa mazishi akasema, akatema mate.

"Nakaa kwako miaka hii yote," Wesonga akasema. "Nakuita mama." Hakumaliza. Akaondoka kwenda kuichukua nduthi.

Murjan akavuta pumzi. "Hapana, dada. Hapana, ngojeni, sio—"

Mabrouka akamfinya mkono, chini, mahali ambapo watu hawaoni. Akamfinya kwa nguvu, vile alivyokuwa akimfinya akiwa mdogo wageni wakija. Murjan akamtazama. Akanyamaza.

Osewe akamwekea mkono begani. "Pole, buda. Pole sana. Dadako wa tumbo moja. Twende." Wengine wakamzunguka, wakampangusa vumbi, mmoja akampa maji ya kunywa. Wale waliokuwa wanamwita msaliti dakika chache nyuma wakawa wanamwongoza kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyemwuliza tena swali lolote.

Ndicho alichokitaka Mabrouka. Jina la ndugu yake lilikuwa safi, safi kuliko hata angeshinda. Akabaki peku kwenye kona ya tatu, mwavuli umevunjika ubavu mmoja, akimtazama Murjan akienda katikati ya wenzake. Alikuwa amemwambia anyamaze. Lakini Mungu ndiye ajuaye, alisimama pale moyo wake wote ukiomba kwamba mara hii moja mtoto huyo akatae kumtii, asimame, ageuke, awaambie.

Murjan alifika ukutani. Wakamsaidia kupanda, akaruka upande wa pili.